Mwaka Tuliokula Mbegu

Tulikutana penye masufuria. Msiba wa Mama Nzowa ulikuwa Tunduma, mtaa wa Majengo, kwenye nyumba ileile aliyokuwa amepanga tangu enzi zetu, na mimi nilifika na gari la asubuhi kutoka Chitete nikiwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Mwanamke anayefika msibani haketi. Nilisalimia wafiwa, nikajifunga kanga kiunoni, nikazunguka nyuma ya nyumba walikokuwa wanapika, nikaomba kisu. Mwanamke aliyeninyooshea kisu alikuwa ameinama juu ya beseni la kabichi, na nilimtambua kwa vidole kabla sijamwona uso: virefu, kucha zimekatwa hadi karibu na nyama, na kwenye mikunjo ule udongo ambao sabuni imeshaukubali ukae. "Seke," Rehema alisema bila kuinuka, "umenenepa." Nikamjibu, "Na wewe umekonda." Tukaanza kukata kabichi, yeye kwa haraka na mimi kwa uvivu, kama tulivyokuwa zamani. Mbele ya nyumba kwaya ilikuwa inaimba kwa sauti ya chini. Nilimtazama yule mwanamke, nikajua kwamba miaka yote hii nilipokuwa nawaambia wanafunzi wangu kuhusu mazingira, maji na udongo, nilikuwa nabishana naye yeye.

Mwaka ninaousema mkoa wa Songwe ulikuwa bado mchanga, na ndimi za watu zilikuwa bado zinateleza na kusema Mbeya. Nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu nasubiri ajira, na kusubiri ajira ni kazi isiyo na mapumziko. Mchana niliuza kwenye duka la daftari na kalamu karibu na stendi. Jioni nilirudi Majengo, kwenye chumba nilichopanga na Rehema Nambeye, fundi cherehani, Mnyiha wa Iyula. Mimi ni Mndali wa milima ya Ileje. Tulikutana kwenye Kiswahili, kila mmoja na lafudhi yake, na tulichekana bila kuumizana. Chumba kilikuwa kimoja, kitanda kimoja, jiko la mkaa mlangoni, na dirisha pana lililopokea jua tangu linapochomoza. Hakikuwa na dari. Kuta za vyumba vyote zilisimama kama watu wafupi chini ya bati moja refu, na juu yake maneno yalipita bila kubisha hodi. Tulijua nani kagombana na mumewe, nani kachelewa kuweka maharage motoni, na mtoto wa Mama Nzowa, Frida, anaumwa nini leo. Mama Nzowa alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mjane, mpika maandazi, na chumba chake ndicho kilichokuwa chini kuliko vyote, karibu na mtaro wa barabara. Watu wa Tunduma wanajua vyumba vya namna hiyo: kodi yake hupungua kidogo, na sababu yake huijui mpaka masika.

Mambo yote yalianza na beseni la mboga. Ilikuwa kiangazi, wakati ule ambapo mji mzima ni rangi moja ya vumbi na malori yamepanga foleni kuelekea mpakani kama mifugo inayosubiri josho. Rehema alikuwa amenunua fungu la chainizi sokoni. Alipolitia kwenye maji, juu ya maji palitanda utando mwembamba wenye rangi za upinde wa mvua. Aliniita nikaangalie. Sote wawili tulijua bustani zile zilipokuwa: bondeni, nyuma ya wanakooshea malori, ambako maji machafu yanashuka na oili zake, na wakulima wanayachota kwa ndoo kwa sababu kiangazi hakuna mengine. "Tunakula dizeli, Seke," alisema. Akaenda kumwaga, kisha akasimama mlangoni na beseni mkononi kwa sababu hakujua amwage wapi. Jioni ile tulikula ugali na chumvi.

Siku chache baadaye mteja mmoja wa nguo alimwonyesha video kwenye simu: mwanamke wa mji wa mbali anakata majani madogo kwa mkasi, kutoka kwenye trei iliyo juu ya meza ya jikoni. Rehema alirudi nyumbani amechangamka kama mtu aliyechumbiwa. Alikata dumu la mafuta ya kula kwa urefu, likawa mabeseni mawili mafupi. Alitoboa chini kwa msumari wa moto. Alipokwenda kwao Iyula alirudi na magunia mawili ya salfeti: moja la mbegu za alizeti na mbaazi za shambani kwao, jingine la maganda ya kahawa yaliyokwisha kuoza yakawa meusi, laini kama unga wa kakao. Mbegu za madukani alizikataa, kwa sababu zimepakwa dawa nyekundu ya kuua wadudu, na sisi tulikuwa tunataka kula mmea wenyewe ukiwa bado umebeba ganda lake. Habari ya maganda ya kahawa alinieleza tukiwa tunayachambua sakafuni. Kwao, alisema, baada ya mavuno yanarundikwa kando ya kijito, na mvua ikija yanaozea majini na maji yananuka mpaka ng'ombe wanakataa kunywa. "Kule ni uchafu," alisema, "hapa ni udongo. Tumebadilisha mahali tu." Sentensi ile niliipenda sana. Nimeitumia darasani mara nyingi bila kumtaja mwenyewe.

Mbegu zinalowekwa usiku kucha. Asubuhi unazitandaza juu ya udongo zikibanana kabisa, bila nafasi, jambo ambalo mkulima yeyote atakuambia ni wazimu. Unazifunika gizani na kuzikandamiza na kitu kizito, sisi tulitumia pasi ya mkaa ya Rehema, mpaka siku moja unaona pasi imeinuliwa na majani. Naomba uniamini: nilikuwa nimezaliwa na kukulia shambani, lakini sikuwahi kuona nguvu ya mmea mpaka nilipoona chipukizi la alizeti likiinua pasi ya chuma. Unaliweka dirishani, linageuka kijani mbele ya macho yako, na majani mawili ya kwanza yakifunguka tu, unakata. Alizeti ilikuwa na ladha ya karanga mbichi. Mbaazi ilikuwa na utamu wa mbali. Tulikula na ugali, na maharage, na mayai tulipokuwa nayo, na Rehema alikuwa anatafuna amefumba macho. Chumba chetu kilianza kunuka shamba baada ya mvua, katika mji ambao ulikuwa unanuka breki.

Mama Nzowa ndiye wa kwanza kutupinga, na alitupinga kwa neno zito. Alikuja kuazima kiberiti, akaona trei dirishani, akamwona Rehema na mkasi. "Hizo ni mbegu?" akauliza. Rehema akasema ndiyo, mama, alizeti. "Za kupanda?" Ndiyo. Yule mama aliweka mkono kiunoni. "Mbegu moja ya alizeti," alisema, "ukiiacha inakupa kichwa kikubwa kama sahani. Nyie mnaikata ingali kitoto. Kwetu mwaka wa njaa mtu akila mbegu, majirani hawamsemi, wanamlilia. Nyie mnakula mbegu na sokoni kuna mchicha." Akaondoka na kiberiti. Rehema alicheka, ila nilimwona usiku huo akigeuza mbegu kiganjani. Mimi pia neno lile lilinikaa. Watu huuliza kama kilimo hiki cha dirishani kinatunza mazingira, na wengi wanajibu haraka: maji kidogo, udongo kidogo, hakuna dawa, hakuna gari la kusafirisha. Yote ni kweli. Lakini mahali fulani lazima pawe na shamba zima linalozaa mbegu hizo, nalo linakula jua na mvua na jasho kama mashamba mengine. Mama Nzowa hakusoma mahali popote habari hizi. Alikuwa anaiheshimu mbegu tu, kama unavyomheshimu mtu aliyekuja kukuokoa.

Kiangazi kilipokolea bomba la uani likaanza kutoa hewa. Maji yakawa yanaletwa na mikokoteni, dumu kwa dumu, na macho ya wapangaji yakahamia kwenye dirisha letu la kijani. Kwa nini majani yamestawi na watoto hawaogi? Mzee Simkoko, mwenye nyumba, dereva wa malori mstaafu, Mnamwanga mwenye sauti ya kupasua mawe, alituita wote uani Jumapili baada ya kanisa. Watu walikaa kwenye ndoo zilizopinduliwa. Mama mmoja wa chumba cha mwisho alisema sisi wasichana tunamwagilia "majani ya kitajiri" kwa maji ya watoto. Rehema hakujitetea kwa maneno. Aliingia ndani, akatoka na trei moja na bakuli la maji meupe. "Haya ni maji niliyooshea mchele jana," alisema. "Trei naikalisha humu, inakunywa kwa chini mpaka inatosha, halafu maji yanayobaki yanangoja zamu nyingine. Sijawahi kumwaga juu hata tone." Mzee Simkoko aliinama akanusa bakuli, jambo lililowafanya watoto wacheke. "Mimi wali ninakula kila Jumapili," alisema. "Maji yake yalikuwa yanakwenda wapi?" Kikao kikafa hivyo, ila Mama Nzowa alipokuwa anapita karibu na mimi alisema kwa sauti ya kusikika: "Maji sawa. Mbegu bado."

Tungebaki hapo, na trei zetu mbili tatu na ubishi wetu wa jirani, nadhani leo nisingekuwa na cha kusimulia. Lakini kulikuwa na hoteli karibu na mpaka, na mpishi wake alikuwa Mzambia wa makamo, mpole, tuliyezoea kumwita Ba Mulenga kwa heshima ya Kibemba. Rehema alimshonea koti la jikoni, akampelekea na kifungu cha machipukizi kama nyongeza. Kesho yake Ba Mulenga alikuja mwenyewe hadi Majengo, akihema. "Mulishani, bamayo," alimsalimia Rehema kwa Kibemba, "haya majani yako, wageni wamegombania. Natotela, asante sana. Unaweza kuleta mengi?" Wasafiri waliokuwa wanasubiri kuvuka, alisema, walichoka kula chipsi. Alitaka kitu cha kubebeka: machipukizi, nyanya, yai la kuchemsha, ndani ya kibakuli cha plastiki chenye mfuniko, kinachoonekana kwa nje. Vibakuli vilipatikana ng'ambo ya mpaka, Nakonde, vikiwa vimepangwa na kumeremeta. Tulivinunua. Trei ziliongezeka mpaka zikafika chini ya kitanda zikingoja zamu ya jua. Rehema alipunguza kushona. Mimi nilikuwa naamka mapema kukata na kupanga, na kwa mara ya kwanza tangu nimalize chuo nilihisi kwamba siku inaishia mahali.

Nembo niliibuni mimi. Nilichora jani dogo lenye masikio mawili, nikaandika chini yake kwa mwandiko wa mwalimu: Rafiki wa Mazingira. Tulitoa nakala kwenye duka nilikouzia, tukakata vikaratasi kwa mkasi uleule wa mboga, tukabandika moja kwenye kila mfuniko. Sikuwa najifanya. Nilikuwa naamini kila neno. Tulikuwa hatutumii mbolea ya dukani wala dawa, tulikuwa tunatumia maji ya mchele na maganda ambayo yangeua kijito. Mifuko ya plastiki ya rambo ilikuwa bado haijapigwa marufuku nchini, na sisi tulijisifu kwamba hatutumii hata mmoja. Jioni nilipotembea kando ya foleni ya malori niliona madereva na wasaidizi wao, matingo, wakila kutoka kwenye vibakuli vyetu wakiwa wameegemea matairi, na nilijisikia fahari. Nilitazama mikono na midomo. Walipomaliza kula nilikuwa nimeshapita.

Mvua ilichelewa, kisha ikaja yote kwa pamoja. Ilikuwa mchana, baada ya chakula, na mimi nilikuwa nyumbani kwa sababu duka lilifungwa kupisha hesabu ya bidhaa. Mawingu yalitokea upande wa Zambia yakiwa meusi chini na shaba juu, na matone ya kwanza yalipiga bati kama kokoto. Baada ya muda hatukusikiana. Rehema alikuwa anahamisha trei kutoka dirishani aliposimama ghafla, kichwa kimeinama, anasikiliza kitu juu ya ukuta. "Frida analia," alisema. Mimi sikusikia. Mama Nzowa alikuwa sokoni na maandazi yake. Mtoto alikuwa na homa, amemwacha amelala, na kumwomba mpangaji wa upande wa pili amtupie jicho. Tulitoka. Uani maji yalikuwa ya kahawia na yalikuwa yanakwenda upande usio wa kawaida: mtaro wa barabara ulikuwa hauyapokei, ulikuwa unayarudisha. Mlango wa Mama Nzowa ulikuwa wa kufungukia nje na maji yalikuwa yameubana. Rehema alishika kitasa, mimi nikashika ukingo wa chini nikiwa nimepiga magoti kwenye maji, tukavuta mpaka ukaachia. Ndani giza. Maji yalifika magotini. Mtoto alikuwa amelazwa kwenye mkeka sakafuni kwa ajili ya ubaridi, na mkeka sasa ulikuwa unaelea. Yeye alikuwa amepanda juu ya gunia la unga wa ngano, ameshikilia mguu wa meza, na gunia lilikuwa linayeyuka chini yake. Alikuwa na miaka kama minne. Rehema alimnyakua kwa mkono mmoja, akamweka begani, na mtoto alimshika nywele kwa mikono yote miwili, wala hakuziachia mpaka jioni.

Mvua ilipokatika wanaume walitoka na majembe. Mzee Simkoko alivua viatu akaingia mtaroni mwenyewe, mzee yule, suruali imekunjwa, na chini ya daraja dogo la kuingilia uani akaanza kuvuta vitu. Alitoa chupa za maji. Alitoa matambara, mfuko wa saruji, kandambili moja. Kisha akaanza kutoa vibakuli. Vilikuwa vimeingiana kimoja ndani ya kingine kama vile vilivyopangwa dukani, vimeshikana na tope, na kila alichokivuta kilikuwa na ndugu yake nyuma. Alivirundika kando ya barabara. Mama Nzowa alikuwa amerudi, amesimama na karai lake tupu kichwani, bado hajaenda kuangalia chumba, anamtazama mtoto wake kwenye bega la Rehema. Mzee akaokota kibakuli kimoja, akafuta tope kwa kidole gumba, akakisogeza mbali na macho kama wazee wanavyofanya. "Rafiki," akasoma, "wa... mazingira." Hakusoma kwa kejeli. Alikuwa anasoma tu kilichoandikwa. Maji yalikuwa yanaondoka mtaroni kwa mkoromo. Mama Nzowa akaingia chumbani kwake, tukamsikia anakanyaga majini, akatoka na kibakuli kingine mkononi. "Rafiki yenu mwingine huyu," alisema. "Alikuwa kitandani kwangu."

Tulikesha tukikamua godoro lake na kutandaza nguo zake chumbani mwetu, juu ya trei, juu ya kila kitu. Ngano yote ilikuwa imekwenda, na ngano ndiyo ilikuwa kazi yake. Kesho yake asubuhi nilikuwa napiga pasi nguo za Frida, nikasikia juu ya ukuta sauti ya Mzee Simkoko ikijaribu kuwa ndogo. "Nikuulize wewe kwanza," alikuwa anasema. "Niwatoe hawa mabinti? Ukisema nitoe, natoa leo." Rehema alikuwa karibu na dirisha, aliacha mkasi. "Mzee," Mama Nzowa alijibu, "kwenye mtaro ule mimi nimetupa mifuko ya ngano toka mwaka juzi. Wewe umetupa mabaki ya gereji yako. Ukianza kutoa watu, nyumba itabaki na panya. Na mwanangu nani alimtoa majini?" Kisha, baada ya kupumua: "Ila ile karatasi yao waibandue. Waache kudanganya watu." Sijawahi kutetewa na mtu na kuhukumiwa naye kwa pumzi moja kama siku ile.

Rehema aliamua hapohapo, na ndipo tulipogombana. Alisema havuki tena kwenda Nakonde kuchukua vibakuli. Alikwenda kwa Ba Mulenga na trei hai kichwani, akamwomba akate mwenyewe jikoni, awape wageni kwenye sahani, trei irudi. Ba Mulenga alimsikiliza hadi mwisho, akasikitika kweli. Tajiri wa hoteli, alisema, hataki udongo jikoni, na msafiri hanunui kitu kisichofunikwa. Hoteli ikatupotea hivyo, bila ugomvi, kwa kupeana mikono. Usiku huo tulikula ugali na alizeti, na mimi nilisema yote. Nilimwambia kwamba wasafiri watanunua chipsi kwenye vibakuli vilevile, mtaro utaziba vilevile, tofauti ni kwamba sisi tutakuwa na njaa na roho safi. Nilimwambia tungeweza kuweka pipa pale kwenye foleni, kuwaambia madereva, kwenda taratibu. Alitafuna, akameza. "Pipa likijaa je, Seke? Litabebwa na nani, na kwenda kutupwa wapi? Bondeni, kwenye bustani za watu." Nikasema, "Kwa hiyo wewe peke yako utasafisha Tunduma." Akasema, "Hapana. Mimi siwezi tu kulala." Hatukusemezana wiki nzima ndani ya chumba chenye kitanda kimoja. Bado sijui kama nilikosea. Leo sheria imeondoa mifuko ya rambo, na vibakuli vyenye mifuniko bado vinakwenda na maji; kuna siku naona alikuwa sahihi kabisa, na kuna siku naona aliacha uwanja kwa wasiojali.

Miezi iliyofuata hakukuwa na ushindi wowote wa kusimulia kwenye semina. Rehema alirudi kwenye cherehani. Trei zilizobaki alizigawa kwa majirani, moja kila mlango, na kuwaonyesha jinsi ya kuzikalisha kwenye maji ya mchele. Mama wa chumba cha mwisho, yule wa "majani ya kitajiri", alivuna mara mbili akachoka. Ya mpangaji mwingine ililiwa na kuku. Ya Mzee Simkoko iliota ukungu kwa sababu alikuwa anaimwagilia kila akiiona, kama mtu anayechunguza lori linalovuja. Ile iliyodumu ilikuwa ya Mama Nzowa. Aliikubali kwa sharti moja, ambalo Rehema alilitekeleza kabla hajaambiwa mara ya pili: kwenye kipande cha ardhi cha Iyula apande alizeti na mbaazi za kuachwa zikomae, na kila salfeti inayokuja mjini kuliwa ikiwa changa, iwe imetoka kwenye shamba hilo. "Kwanza mbegu izae," alisema, "ndipo mle watoto wake." Frida, ambaye alikuwa anakataa kila kitu isipokuwa maandazi, alianza kula machipukizi kwa sababu aliruhusiwa kuyakata mwenyewe. Jioni nilikuwa namsikia juu ya ukuta, mkasi unakwenda kwaa, kwaa, na mama yake anasema, "Acha mengine yakue, mwanangu, hao sio maadui zako."

Ajira yangu ilikuja wakati wa baridi. Nilipangiwa Chitete, wilaya ya Momba, na Rehema alinisaidia kufunga godoro kwa kamba bila kusema mengi. Tuliagana vizuri, kwa adabu, jambo ambalo kati ya marafiki ni baya kuliko matusi. Huko Chitete nilikuta ardhi ya kutosha nyuma ya nyumba ya mwalimu, nikapanda mchicha na maboga kama watu wote, na trei sikuiwaza. Si kila mahali panahitaji trei. Mwenye shamba alime. Kilimo kile cha dirishani kilikuwa jibu la mtu mwenye dirisha tu, katika mji usio na maji, kando ya bonde lenye oili, na hata kwa mtu huyo kilikuwa jibu nusu. Nusu nyingine ilikuwa mtaroni. Hilo ndilo ninalojaribu kuwafundisha watoto, na kila mwaka nashindwa kidogo.

Kabichi zilikwisha, tukahamia kwenye vitunguu. Rehema alinieleza kwamba Mama Nzowa alikuwa hajaacha kupokea salfeti ya Iyula hadi alipoanza kuugua, na kwamba mara ya mwisho alipomletea, alimkuta amelala, na yule mama akaomba asogezewe mbegu azione, akazipitisha vidoleni na kusema mwaka huu ni nyembamba, mvua ilikuwa mbaya. Nilimuuliza basi lile swali nililokuwa nimelibeba kutoka chumba chetu. "Hukujuta, Rehema? Ile hoteli?" Alifuta machozi ya vitunguu kwa kifundo cha mkono. "Mwezi wa kodi nilikuwa najuta," alisema. "Tena sana, usinione hivi. Ila mvua ikianza kugonga bati, nilikuwa nageukia ukutani nalala." Nilitaka kumwambia kwamba mimi mvua zile za kwanza bado zinaniamsha. Sikumwambia, kwa sababu kwaya ilinyamaza, na wanaume wakaitana kubeba jeneza.

Tulinawa, tukajitanda kanga, tukaingia kwenye msafara kwa miguu tumeshikana mikono. Frida alikuwa mbele, nyuma tu ya jeneza, binti mrefu sasa, amevaa sketi ya shule kwa sababu ndiyo nyeusi pekee aliyokuwa nayo. Alikuwa anatembea peke yake, watu wamemwachia nafasi pande zote, kama wanavyofanya watu wanapomwogopa mwenye huzuni. Rehema aliniachia mkono. Akapenya kati ya wazee wa kanisa bila kuwaomba radhi, akafika mbele, akamshika yule binti begani, na wakaendelea kutembea pamoja.